SARI IMETULIA, BLAUZI JE? Namna ya kuchagua kitambaa kabla hujaenda kwa fundi

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo tuongee nguo. Kila wikiendi ni kadi za michango, na kamati za sendofu na kichen pati zikikaa kuchagua sare si ajabu kusikia mtu anasema "jamani safari hii tuvae sari". Sawa kabisa, sari ni vazi zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye blauzi.

Ninachokiona ni hivi. Mtu anazunguka maduka wiki nzima kutafuta sari, anashika, anaweka begani, anajitazama kwenye kioo, anabishana bei mpaka jasho linamtoka. Halafu kitambaa cha blauzi anakinunua siku mbili kabla ya shughuli, kwa chenji iliyobaki, na kipimo chake ni kimoja tu: rangi ifanane. Hapo ndipo shughuli inapoharibika.

Najua wapo watakaosema "wewe mwanaume blauzi inakuhusu nini?" Jamani, mimi nimekulia chini ya cherehani. Bi mkubwa wangu ni fundi. Tangu niko shule ya msingi kazi zangu ni kushona kulabu, kufumua mishono, na kutumwa Kariakoo na kipande cha kitambaa mkononi kutafuta kinacholingana nacho. Fomu foo nimemaliza, ajira bado, kwa hiyo mchana naandika na jioni nashona kulabu. Haya ninayoyasema nayaona mezani kwetu kila siku.

Tuanze na sari yenyewe ili tuelewane. Sari ni kitambaa kirefu ambacho hakijashonwa popote. Za kawaida zina kama mita 5 na nusu, na nyingi zinauzwa na kipande cha ziada mwishoni, kama sentimita 80, cha kushonea blauzi, ambayo Wahindi wengi wanaiita choli. Ndio maana dukani unaambiwa mita 6 na kidogo. (Wamarathi wana yao ya kienyeji ya wari 9, ile hata gagulo haihitaji.) Sasa fikiria: mita zote hizo hazina zipu, hazina kifungo, hazina mkanda. Zinashikwa sehemu mbili tu. Kiunoni zimechomekwa kwenye gagulo, na begani zimebanwa kwa pini kwenye blauzi. Kile kipande kirefu kinachoning'inia mgongoni, ambacho wenyewe wanakiita pallu, uzito wake wote umeangukia kwenye kitundu kimoja cha pini begani kwako.

Kwa hiyo usiione blauzi kama pambo. Sari ndiyo picha, blauzi ni msumari ulioitundika. Juu ya hapo hiyo hiyo blauzi inabana kifua, inakunywa jasho la kwapa, na inavutwa kila ukinyoosha mkono kupiga vigelegele. Bi mkubwa huwa ananiambia, "Mwanangu, sari inamfunika mtu, blauzi ndiyo inafanya kazi."

Halafu msidhani sari na blauzi vilizaliwa pamoja. Gujarati na Rajasthan choli ni ya zamani sana, lakini sehemu nyingine za India, Bengal kwa mfano, wanawake wengi walivaa sari peke yake bila kitu juu. Miaka ya 1860 mama mmoja wa Kibengali, Jnanadanandini Devi, shemeji yake yule mshairi Rabindranath Tagore, alienda Bombay na mumewe aliyekuwa mtumishi wa serikali huko. Akaona wanawake wa Kiparsi wanavyovaa, akarudi kwao Calcutta na mtindo wa kuvaa sari na blauzi na gagulo, akawafundisha wenzake. Mtindo ukashika. Kwa hiyo hata wenyewe walikaa chini wakafikiria hii blauzi itashonwaje.

Haya, tuje dukani.

Kabla ya rangi, angalia uzito. Kanuni ya bi mkubwa ni moja na mimi sijaona mahali ilipokosea: blauzi inaweza kuwa nzito kuliko sari, lakini isiwe nyepesi kuliko sari. Chukua sari mkono wa kushoto, kitambaa cha blauzi mkono wa kulia, vikunje mara mbili mbili, vishikilie vyote. Kama cha kulia kinaonekana kama kinataka kupeperuka, kirudishe.

Chukua mfano wa zile sari nzito za hariri zinazotoka Kanchipuram, kusini mwa India, ambazo watu wanaziita Kanjivaram. Hariri yake ni nene na pindo limejaa zari. Nzito zile za mabibi harusi zinaweza kukaribia kilo nzima. Au Banarasi, zinazofumwa Varanasi, zenye maua ya zari mwili mzima. Ukiitundika sari ya hivyo kwenye blauzi ya shifoni, pini itachana bega kabla keki haijakatwa. Hizo zinataka blauzi ya hariri yenyewe, au dupioni. Dupioni ni ile hariri ngumu kidogo yenye vijifundo fundo, usidhani ni kasoro: inatokana na viwavi wawili waliojisokota kwenye kifuko kimoja, nyuzi zao zikatoka zimechanganyika. Inakaa vizuri mwilini, haitelezi kwenye cherehani, na inabeba mzigo.

Kinyume chake kinakubalika. Sari ya shifoni au jojeti isiyo na maua na blauzi nzito ya brokedi ni mtindo unaopendwa sana na kwa kweli unapendeza. Ila kuna kitu kimoja wauza duka hawakwambii. Zari inakwaruza. Blauzi ikiwa na zari au shanga begani, pale pale shifoni inapopita, itavuta nyuzi za sari moja moja, na ukirudi nyumbani unakuta sari imefanya manyoya. Mwambie fundi bega la pallu aliache wazi, mapambo ayapeleke mikononi na mgongoni. Na umwambie ni bega gani. Wengi wanatupa pallu bega la kushoto kwenda mgongoni, lakini kuna mtindo wa Kigujarati ambapo pallu inatoka nyuma, inapita bega la kulia na kulala kifuani. Wahindi wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat, kwa hiyo mtindo huo utauona sana hapa.

Sari za pamba hazina shida. Pamba kwa pamba. India wana kitambaa chao cha blauzi, pamba laini kinaitwa rubia, na wana maduka ambayo kazi yake ni moja tu, kuuza vitambaa vya blauzi, bitana na magagulo kwa kila rangi unayoijua, unaingia na sari yako wanakulinganishia. Usipokipata hicho, poplini nzuri inafanya kazi ile ile.

Sasa tufike kwenye bitana, na hapa naomba mnisikilize.

Mteja akiambiwa bitana inaongeza mita moja ya kitambaa na ufundi unapanda kidogo, wengi wanasema "aah fundi, wewe shona hivyo hivyo". Mwaka jana ililetwa kwetu blauzi ya mama mmoja, Jumatatu, ndani ya mfuko. Brokedi nzuri, rangi ya zambarau, ilishonwa kwa fundi mwingine bila bitana. Mama wa watu alikuwa kwenye sare ya sendofu ya mtoto wa dada yake, pesa ya sare ameilipa kwa awamu tatu. Muziki umewekwa, akinamama wamesimama, akanyoosha mikono juu, mshono wa kwapa ukafunguka mpaka ubavuni. Sherehe yote iliyobaki alikaa amejifunika kanga, hata picha ya familia hakusimama. Na sari haikuwa na tatizo lolote.

Kwa nini ilitokea? Bi mkubwa alinionyesha. Uzi wenyewe wa cherehani haukukatika. Brokedi ina nyuzi ndefu zinazopita juu juu bila kusukwa vizuri na wenzake, ukiikata tu pembeni zinaanza kuchomoka. Fundi akiacha pindo jembamba ndani, na nguo ikiwa imebana, zile nyuzi zinateleza zinatoka kwenye mshono. Kukiwa na bitana ya pamba iliyoshonwa pamoja na brokedi, pamba ndiyo inavutwa, brokedi inakaa juu kwa raha zake. Ile ya yule mama ilibidi iwekewe vipande vya pembetatu chini ya makwapa, na bitana nzima. Gharama yake ilizidi ile aliyoikwepa mwanzo.

Bitana iwe pamba. Bafta au melimeli, basi. (Angalieni majina yenyewe: bafta, melimeli, zari. Yamekuja na majahazi pamoja na vitambaa.) Kwa joto letu la Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, bitana ya poliesta ni kujifunga mfuko wa nailoni kifuani. Jasho halina pa kwenda, linajitokeza nje kwa mabaka, na satini ndiyo inayochongea kuliko vyote.

Kabla haijakatwa, bitana ilale kwenye maji usiku mzima, ianikwe, ipigwe pasi. Pamba inaruka ikifuliwa. Usipoilowesha, itaruka siku ya kwanza ya kufua ikiwa imeshashonwa, na kitambaa cha juu ambacho hakijaruka kitabaki kimejikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo, kwa hiyo loweka mwenyewe nyumbani umpelekee ikiwa tayari.

Jambo lingine la bitana ambalo linaniudhi kila nikilikuta. Kama blauzi ni ya lesi au neti, unahitaji bitana ya rangi ya mwili. Ukiuliza dukani "nipe rangi ya mwili" mara nyingi unapewa kitu cha waridi iliyopauka. Mwili wa nani huo? Dada mweusi akivaa ile, kwenye picha anaonekana kama kafungwa bandeji. Weka kitambaa kwenye mkono wako, sehemu ya ndani ya kiwiko, chagua kahawia inayopotea kwenye ngozi yako. Zipo, ila lazima uziombe.

Kile kipande kilichokuja na sari, utumie au usitumie? Inategemea. Kiangalie kama kina pindo la kuweka mikononi, na kipime uzito kama nilivyosema. Kama sari ni shifoni, kipande nacho ni shifoni, hakifai peke yake. Ama kipewe bitana nzito, ama ukitumie kwenye mikono na mapindo tu, mwili uchukue kitambaa kingine. Halafu sentimita 80 zinamtosha mtu mwembamba mwenye mikono mifupi. Mwenye kifua kikubwa au anayetaka mikono mirefu anahitaji mita moja na robo, hata moja na nusu kama kitambaa ni chembamba. Dada zetu wanaotaka blauzi ndefu inayofunika tumbo na mikono mpaka kwenye kiganja, chukueni mita 2 msijibane. Kwa wenye nyonga pana kuna siri: usikikate kile kipande kabisa. Kiache kwenye sari, utapata urefu zaidi na marinda ya mbele yatakaa mengi, blauzi ununulie kitambaa kingine.

Rangi sasa, kwa haraka maana hili kila mtu anajifanya mtaalamu. Rangi ya blauzi itoe kwenye pindo la sari, usiitoe kwenye mwili wa sari, ndio haikosei. Zari ya dhahabu iende na dhahabu, ya fedha na fedha. Toka nje ya duka uangalie kwenye mwanga wa jua, taa za dukani zinadanganya, hasa kwenye bluu na zambarau. Na lazima ujaribu kama inachuja: lowesha kitambaa cheupe, sugua pembeni kwa nguvu. Nyekundu, damu ya mzee na bluu iliyokoza ndizo sugu. Ukiona imeacha alama, usiiweke na sari nyeupe ya maziwa kama zile za pamba za Kerala zenye pindo la zari. Jasho la kwapa litafanya kazi ile ile ya maji yako, tena mbele ya wageni.

Kuhusu majina, tuwe macho. Kwetu kitu chochote kinachong'aa kinaitwa silki. Ukitaka kujua, omba nyuzi mbili tatu za ukingoni, toka nazo nje, zishike kwa kibano uziwashe (nje nimesema, sio ndani ya duka la watu). Hariri inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Pamba inanuka karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kijipunje kigumu. Kilichochanganywa kitakuletea yote kwa pamoja. Na sisemi poliesta ni mbaya jamani. Ina nguvu, hairuki, bei yake tunaiweza. Poliesta juu na bitana ya pamba chini ni blauzi ya heshima kabisa. Ubaya ni kulipa bei ya hariri ukapewa poliesta.

Mahameli? Delhi watu wanaoana Desemba na Januari kuna baridi kali, blauzi ya mahameli huko ina maana. Arusha au Nairobi mwezi wa Julai, vaa. Dar mwezi wa Februari, ndani ya ukumbi ambao feni moja inafanya kazi na tatu zimekufa, utakuja kuniambia.

Zile blauzi za kuvutika zilizoshonwa tayari zinasaidia sare ya watu wengi wenye miili tofauti. Udhaifu wake ni pale pale begani, pini inavuta kitambaa, bega linashuka. Dawa yake ni ndogo: kipande cha bafta mara mbili, ukubwa wa kiberiti, kishonwe kwa ndani kwenye bega la pini. Bi mkubwa anaweka hicho kwenye kila blauzi ya sari, hata ya brokedi, na hadai hela ya ziada.

Kwa wanakamati, neno moja tu. Msiwape watu sari halafu mkawaambia "blauzi kila mtu atajua mwenyewe". Mkitangaza sare tajeni bei ya vyote: sari, kitambaa cha blauzi, bitana, gagulo na ufundi, ili asiye na uwezo aseme mapema kwa siri na sio aje kuumbuka ukumbini. Na kitambaa cha blauzi kikatwe kwenye jora moja. Majora mawili ya rangi yenye jina moja yanaweza kutofautiana kabisa, na kwenye picha ya pamoja inaonekana kama nusu ya akinamama wamefulia jiki.

Mwisho, siku ya kuchukua nguo. Usiivae ukasimama kama askari mbele ya kioo ukasema imekaa. Nyanyua mikono yote miwili juu, kaa kwenye kiti, inama uokote kitu, vuta pumzi ndefu. Kisha geuza nguo ndani nje, angalia kama fundi ameacha kitambaa cha ziada ubavuni, angalau inchi moja, cha kufungulia ukinenepa. Malizia malipo baada ya hapo.

Wa Mombasa na Nairobi, nyie hivi vitambaa mnaviitaje huko? Na kama kuna mtu anajua duka la Dar linalouza rubia yenyewe kwa rangi nyingi, ataje mtaa, bi mkubwa anaitafuta.